Jumba la Maajuza

Shoka lilipopasua betri, maji ya asidi yaliruka yakatua juu ya kiatu, na kiatu kikaanza kutoa moshi mwembamba. Mwanamke aliyelishika shoka hakukitazama. Kilikuwa kiatu cha zamani cha mumewe, kimetoboka mbele, na mwenye mguu alikuwa ameshajifunza kukunja vidole. Aligeuza lile ganda la betri, akalikung'uta, bamba za madini ya risasi zikaanguka pamoja na tope lake jeusi, akazisukuma kwa unyayo kuelekea upande wa tanuri. Halafu akalamba midomo.

Kila mwanamke mle ndani alilamba midomo, maana vumbi la mle lilikuwa na utamu. Si utamu wa kushiba, ni utamu wa mbali, kama wa kijiko kilichokorogea chai ya juzi. Kitambaa walichojifunga puani kilizuia maneno, kilizuia kicheko, lakini vumbi lilipita lilivyotaka.

Kwenye karatasi za kiwanda banda lile liliitwa Sehemu ya Pili. Wapakiaji na madereva wa uwanjani waliliita Jumba la Maajuza. Na huyu mwenye kiatu, mwenye mabega mapana na meno yote kinywani, ambaye thelathini alikuwa hajaifikia, wakambandika jina la Ajuza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Ajuza, shikamoo!" madereva wenye mvi walimwamkia asubuhi.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmejisaidia, au nije niwapanguse?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Ulikuwa mzaha wa kila siku, na kila siku ulikuwa mtamu, kwa sababu wote waliujua uongo uliouzaa.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Ilipita sheria, nzuri kabisa, iliyoandikwa na watu waliokaa penye baridi, kwamba mwanamke mwenye kizazi kinachofanya kazi asiwekwe karibu na tanuri la risasi, kwa kuwa risasi huharibu uzazi. Kiwanda kikaikubali kwa mikono miwili. Kikasema: tutaajiri waliokoma hedhi tu. Ila bibi wa kweli, mwenye magoti yanayolia akiinuka, hawezi kupiga shoka kuanzia jua linapotoka mpaka linapotua. Wanaume waliweza, lakini wanaume walidai glavu, walidai barakoa, na siku moja walidai yote mawili kwa pamoja wakafunga lango. Basi wakatakiwa mabibi wenye nguvu za wasichana. Nao, Mungu si Athumani, wakapatikana.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Anayetaka kazi ya Sehemu ya Pili aje na mtu mzima wa kike wa nyumbani kwake, naye amwapie mbele ya nesi wa kiwanda kwamba amekoma. Ndiyo maana siku za kuajiri, langoni palijaa mama wakwe kama msibani.

Mama mkwe wake Ajuza alikuja amejitanda kitenge kipya.

"Huyu ni nani wako?" aliuliza nesi, bila kuinua macho.

"Mke wa mwanangu."

"Amekoma?"

"Zamani sana."

Nesi akamtazama yule msichana kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudi mpaka kifuani, akakaa hapo. "Mbona mbichi hivi?"

"Ukoo wao hukoma mapema. Mama yake hivyo hivyo, na shangazi zake hivyo hivyo."

"Una uhakika, mama?"

"Nesi mwanangu, shuka zao nafua mimi. Nisijue mimi, atajua jirani?"

Foleni nzima ikacheka. Nesi naye akacheka, akagonga meza kwa kalamu. "Haya, aapaye ni mkubwa. Ingia, bibi."

Msichana aliingia. Alikuwa bado na maumivu ya kiuno, kwa sababu mimba ilikuwa imemtoka siku si nyingi zilizopita. Mama mkwe ndiye aliyemshikia beseni usiku ule. Ndiye aliyechimba nyuma ya choo na kufukia, akapiga udongo kwa mgongo wa jembe. Udongo wenyewe ulikuwa haujashikana vizuri.

"Utafanya kidogo tu," mama mkwe alimwambia walipokuwa wanaelekea langoni. "Tusimame kwanza. Mtoto atakuja tu. Mtoto huwa hakosi njia."

*

Kwanza yakaja makochi. Makochi makubwa, ya rangi ya damu ya mzee, yaliyoingia chumbani kwa kung'olewa mlango. Mama mkwe hakuivua ile nailoni yaliyokuja nayo. Mgeni akikaa, yalilia kama bata.

Ajuza hakuruhusiwa kukaa. "Hapana, mwanangu, hapana," mama mkwe alisema akinyoosha mkono kana kwamba anazuia kuku. "Lile vumbi lako. Kaa hapo kwenye kigoda, ndipo pako."

Akakaa kwenye kigoda, akiyaangalia makochi yake.

Kiwandani, shida ya miezi ya mwanzo ilikuwa kuificha damu. Mabibi hawapati hedhi. Kwa hiyo chooni hapakuwekwa pipa. Kila mmoja alirudi na kitambaa chake nyumbani ndani ya mkebe wa chakula, chini ya vijiko. Mwenye maumivu ya tumbo alisema anaumwa mgongo. Mtu akiona doa kwenye ovaroli ya mwenzake, alimmwagia tope la betri papo hapo, na aliyemwagiwa akasema ahsante.

Bibi wa kweli alikuwa mmoja tu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya tarumbeta, waliyemwita Shangazi. Wajukuu wake walikuwa na ndevu.

"Humu ndani halali ni mimi peke yangu," alikuwa akitangaza. "Nyinyi wote ni magendo. Nikikohoa tu mnakamatwa."

Lakini mkono wa kulia wa Shangazi ulikuwa umeanza kulala. Alipounyoosha, kiganja kilining'inia kama jani lililochomwa na jua. Alijifunga kipande cha ubao chini ya kifundo cha mkono, akaendelea kusukuma mkokoteni kwa viwiko.

Na palikuwa na maziwa. Meneja alipenda sana kuyataja maziwa. Wageni wakija aliwaonyesha ndoo. "Maziwa huosha damu," alisema, "sisi hapa wafanyakazi wetu tunawatunza kama watoto." Kila asubuhi walipanga foleni mbele ya meza ya nesi, na nesi akachota kwa kikombe cha bati, kikombe kimoja kwa wote, kilichofungwa mnyororo kwenye mguu wa meza kama mbwa mkali. Glavu hazikuwepo. Mabomba ya kuogea yalikuwepo, maji hayakuwepo. Maziwa hayakukosekana hata siku moja.

*

Damu ilianza kuja ovyo. Ikaja mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kisha ikaruka mwezi, kisha ikaja kidogo tu, nyeusi, kama mtu aliyechungulia mlango akaghairi. Kisha haikuja.

Alingoja. Alipokuwa na hakika ya kutosha kumfanya alie, alimwambia mumewe, na mumewe, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na jambo ambalo mama yake hakulijua kabla ya chai ya asubuhi, akampelekea mama yake.

Jioni ile Ajuza aliporudi alikuta kochi moja limevuliwa nailoni.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema mama mkwe. "Usiogope. Vumbi hufutika."

Akakaa. Kitambaa chake kilikuwa laini kuliko alivyodhani. Mama mkwe akamletea maji, akamvua vile viatu vya mumewe kwa mikono yake mwenyewe, akavitoa nje kwa ncha za vidole. Kwa wiki kadhaa aliishi hivyo, kama malkia wa kuazima. Tumbo halikukua. Alichopata ni joto la ghafla la kupanda kifuani hadi usoni, jasho katikati ya usiku, na mifupa iliyouma kama imekopeshwa kwa mtu mkubwa.

Hospitali ya serikali walimpima, wakamwambia hana mimba. Alirudi nyumbani. Mama mkwe alimtazama tu usoni, akaenda akaitoa nailoni chini ya kitanda, akaanza kulivika kochi, polepole, akikunja pembe vizuri.

"Inuka," alisema.

*

Daktari wa hospitali ile alikuwa mwanamke, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nje ya mlango wake watu walikuwa wamelala sakafuni. Alimpima damu, akamwita tena, akafunga mlango.

"Unafanya kazi gani?"

"Napasua betri."

Daktari akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jina la mdai wake. "Sikiliza, dada. Hapa kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi. Hiyo ndiyo inayotuma homoni kwenda kwenye mifuko yako ya mayai. Homoni ni kama mjumbe: inabisha hodi kule chini, mifuko inaitika, inatoa homoni zake, yai linakomaa, siku zako zinakuja. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Kwako wewe, mjumbe anabisha hodi mpaka amekaukwa na sauti. Homoni za kichwani zimepanda mno. Kule chini haitikiwi. Homoni za kike ziko chini, kama za mtu aliyekwishazaa na kulea na kuozesha. Na damu yako imejaa risasi. Siwezi kukuapia kwamba ni risasi peke yake, mwili una mambo mengi. Lakini tunajua risasi huvuruga kote kuwili, kwa anayebisha na kwa anayebishiwa. Ulipoanza kazi ulikuwa unapata siku zako?"

"Nilikuwa napata. Mimba ilikuwa imenitoka."

"Toka pale. Toka leo. Huenda zikarudi."

"Zisiporudi?"

Daktari akamwandikia cheti. "Lazima wakutibu, na wakulipe. Nenda kwa afisa wa kazi. Ukithibitisha kwamba uliingia pale mzima, hawana pa kukimbilia. Nani anajua kwamba uliingia mzima?"

Ajuza akamwona mama mkwe amechuchumaa na beseni.

"Yupo mmoja," alisema.

*

Ajuza alimwomba mama mkwe kwa siku nyingi. Alimwomba akiwa anamwosha miguu, alimwomba akiwa kwenye kigoda. Hakuomba kingine.

"Mama, sema tu ulichokiona. Nikitibiwa huenda nikakuzalia."

"Nitasema, nitasema," alijibu mama mkwe. "Kwani mimi nina kinywa cha mtu mwingine?"

Mumewe alikuwa pale, anakula. Ajuza akamgeukia. "Na wewe je?"

"Mama ni mama," alisema mumewe, akaendelea kula.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, kwa kuwa ofisi ya afisa wa kazi haikuwa na viti vya kutosha, ndivyo ilivyosemwa. Afisa mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, wote walimwita Bwana Kazi. Alikuwa amefika mapema na soda yake ilikuwa nusu. Nesi alikaa pembeni. Mama mkwe aliletewa soda pia, na mrija. Ajuza hakuletewa. Aliambiwa asimame juu ya gazeti, asichafue zulia.

"Dada yangu," alianza Bwana Kazi, "usiwe na hofu. Sheria ipo kwa ajili ya kukulinda wewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyeileta hapa kiwandani."

"Ahsante, mzee."

"Daktari anasema umekoma hedhi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kiwanda kinasema umekoma hedhi. Mama yako hapa aliapa kwamba umekoma hedhi. Sasa wote tunasema neno moja. Ugomvi uko wapi?"

"Ugomvi ni lini, mzee. Mimi niliingia hapa mzima."

Meneja akatabasamu. Alikuwa kijana bado, na alikuwa na meno meupe sana. "Niruhusu, Bwana Kazi. Hapa mambo ni mawili, la tatu hakuna. Ama mama huyu alituongopea langoni, akaiongopea na serikali, na hilo lina jela yake. Ama alisema kweli. Na kama alisema kweli, sisi tumemchukulia nini huyu? Kisichokuwepo hakiibwi."

"Nesi alijua!" alisema Ajuza. "Muulizeni nesi! Wote tunaingia hivyo hivyo! Nendeni mle bandani sasa hivi muone kama mtapata ajuza!"

Nesi aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, visafi.

"Usipige kelele, bibi," alisema meneja.

Bwana Kazi akamgeukia mama mkwe. Sauti ikawa laini zaidi. "Mama. Wewe ni mtu mzima. Hatutaki kukutia matatani. Tuambie tu: siku ile langoni, ulisema kweli au ulisema uongo?"

Mama mkwe alinyonya mrija mpaka chupa ikakoroma. Akaiweka chini.

"Mimi na nywele hizi niseme uongo?"

"Mama," Ajuza alisema. Alitoka juu ya gazeti, akakanyaga zulia. "Mama, beseni ulilishika wewe."

"Beseni lipi?"

"Usiku ule. Ukafukia wewe."

"Beseni lipi, mwanangu?" Akawageukia wanaume, akatikisa kichwa. "Mnamsikia? Ndiyo hiyo risasi imempanda kichwani. Huyu alikuja kwangu mkavu, na mimi nikanyamaza kumstiri, nikamtafutia na kazi. Shukrani ya punda ndiyo hii."

"Basi imekwisha," alisema Bwana Kazi, akanyanyuka.

Meneja hakumfukuza Ajuza. Alisema wao si watu wa kisasi. Mpasuaji mzuri ni mpasuaji mzuri, na mtu wa kweli wa kukoma ndiye hasa sheria inayemtaka. Mbele ya wote alimpa mkono mama mkwe. "Na nafasi zikitokea, mama, nyumba yako tunaijua."

*

Nguo zake alizikuta zimefungwa furushi, zimewekwa juu ya kigoda. Mumewe hakuwepo, alikuwa ameambiwa asiwepo. Akahamia kwa Shangazi, ambaye alikuwa na kitanda kimoja na maneno mengi.

"Sasa nawe umekuwa halali," Shangazi alimwambia, akimwonyesha upande wa ukutani wa kitanda kwa ule mkono uliolala. "Karibu. Tuko wawili, magendo yamepungua."

Hakucheka hata mmoja wao. Asubuhi wakaenda kazini pamoja. Daktari alikuwa amesema atoke, na daktari alisema kweli, ila daktari hakusema atoke aende wapi.

Habari za mwanamke mpya wa mumewe zilimfikia kupitia kwa madereva, ambao waliacha kumwamkia ile shikamoo yao, na kuacha kwao ndiko kulikomwambia. Msichana mdogo, walisema. Mpole. Ametoka kwenye ukoo wa watu wanaozaa mapacha. Mama mkwe alikuwa amechagua mwenyewe, kama anayechagua jembe, kwa kugonga. Kochi moja limevuliwa nailoni tena.

Lakini nyumba ilikuwa imezoea mshahara, na mshahara ulikuwa umelala kwa Shangazi.

Siku za kuajiri zikarudi, nesi akahamia meza ya langoni, na maziwa akayachota msimamizi. Ajuza alikuwa amesimama kwenye foleni ya maziwa, amefika mezani, kikombe kiko mkononi na mnyororo umemzunguka kidole, aliposikia sauti anayoijua upande wa lango, hatua chache kutoka hapo.

"Huyu ni nani wako?" nesi alikuwa akiuliza.

"Mke wa mwanangu."

Ajuza hakugeuka mara moja. Alipogeuka alimwona mama mkwe amejitanda kitenge kingine, na nyuma yake msichana aliyeshika mfuko wa nailoni, shingo nyembamba, amevaa kandambili mpya. Macho yao, ya mama mkwe na yake, yalikutana. Mama mkwe hakuyakwepesha. Alimwangalia kama unavyoangalia mtu uliyemshinda kesi.

"Mama," Ajuza aliita kutoka kwenye foleni, "huyu naye? Si ulimchukua akuzalie?"

"Atazaa. Afanye mwaka mmoja tu, tusimame. Kwani hapa pana nini? Kiwanda hiki hakina neno. Mimi mwenyewe niliapa, mbele ya serikali." Akamgeukia nesi. "Andika, mwanangu."

"Amekoma?" aliuliza nesi. Safari hii hakucheka, lakini kalamu ilikuwa tayari.

"Zamani sana. Ukoo wao hukoma mapema."

"Una uhakika?"

"Shuka zao nafua mimi."

Nesi aligonga meza. Msichana akasukumwa taratibu mgongoni, akaingia, akajikuta kwenye foleni, na foleni ikampisha mbele kama inavyompisha mgeni. Alifika mezani. Hakujua la kufanya. Akamtazama Ajuza, kwa kuwa ndiye aliyeshika kikombe.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa adabu zote. Walikuwa wamemwambia kwamba mle ndani wote ni mabibi.

"Toka," Ajuza alimwambia chini chini. "Toka sasa hivi. Rudi kwenu."

Msichana akageuza shingo kutazama lango. Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale, mikono kifuani, anangoja kuona mambo yametengemaa. Msichana akarudisha macho, akashusha mabega.

"Chelewesheni foleni tu!" alipiga kelele msimamizi. "Ajuza, mpe mwenzio kikombe!"

Kikombe kilikuwa na alama ya midomo ya kijivu ukingoni, midomo ya kila mwanamke wa banda lile. Ajuza alitaka kukifuta, akatazama upindo wa ovaroli yake, akatazama viganja vyake, akakosa mahali pasafi pa kukifutia. Msichana alikichukua kwa mikono miwili, mnyororo ukalia, akanywa. Akasita, akalamba midomo, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kumbe matamu," alisema. "Mnatiaga sukari?"